Perege Waliopauka Mashavu

Mwanangu, nakumbuka asubuhi niliyokuta perege sita wakielea tumbo juu katika bwawa letu kule Unyambwa. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na mashirika yakapunguza watu. Mume wangu naye alipunguzwa. Akachimba lile bwawa kwa mikono yake, akaweka vifaranga vya samaki, kisha akaenda Itigi kutafuta kibarua. Aliniachia samaki, nami nina mimba ya miezi mitano, ya kwanza.

Niliwapenda samaki wale, ila kwa upendo wa kijinga. Chakula chao kilikuwa pumba za mahindi tu. Na kila siku niliwavua kwa chandarua, nikawashika mmoja mmoja nione kama wamenenepa. Jirani akija, nawavua tena nimwonyeshe. Haraka haraka haina baraka.

Nikamwita mama mkwe wangu, aliyekuwa mhudumu wa zahanati miaka mingi. Nilimwamkia shikamoo huku nalia. Hakunigombeza. Alimshika perege mmoja aliyehema kwa shida, akamfunua shavu. Ndani, panapotakiwa kuwa pekundu, palikuwa peupe kama unga uliolowa.

"Huyu hana damu," alisema. "Pumba peke yake humjaza tumbo tu. Na haya magamba yaliyobanduka? Unawavua mara ngapi?"

"Kila siku, mama."

"Wewe ungekimbizwa na kubebwa juu juu kila siku, ungekuwa na afya?"

Kisha akanitazama. Akanishika kidevu, akavuta chini ukope wa jicho langu, akaona ndani napo peupe.

"Na wewe unakula nini?"

Nilitaka kudanganya. Nilikuwa nakula ugali kwa chumvi, maharage nikiyaweka akiba mpaka mume wangu arudi. Nikamwambia kweli.

"Mficha uchi hazai, binti yangu," akasema, akanikumbatia pale pale kwenye tope.

Alikaa nami hadi nilipojifungua. Samaki tuliwachanganyia pumba na mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa, kidogo asubuhi, kidogo jioni. Chandarua tukakitundika; tukimshika samaki ni kwa haja, na kwa mikono iliyolowa. Mimi alinipikia maharage na mboga za majani, akanipeleka kliniki nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Perege wengine walikufa, siwezi kukuficha. Waliobaki walianza kuchangamka, wekundu wa mashavu ukarudi. Mtoto wangu huyo wa kwanza alizaliwa akilia kwa nguvu, na baba yake alimkuta ana wiki mbili.

Basi mwanangu, anayekutegemea usimjaze tumbo ukadhani umemlisha. Mpe chakula kinachojenga damu, na umwache atulie akue. Mkono unaomgusa mno humwumiza. Nawe ule. Ukipungukiwa, sema mapema.

Mungu akulinde, wewe na wote walio mikononi mwako. Nyumba yako isikose mboga, na uzao wako uwe na afya.