Meza Moja na Mkwe

Iko Jumanne moja ambayo sijaisahau mpaka leo, mwanangu, na kwa kuwa unaanza kazi ya kutuhudumia sisi wazee wa nyumba hii, lazima uisikie kabla hujashika kijiko. Utanisamehe nikizunguka kidogo. Mtu wa umri wangu akianza hadithi hupitia kwanza kwa jirani.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuoni Meru mjini na cheti changu, nikaajiriwa katika nyumba ndogo ya wazee kule Timau. Wazee tisa, wahudumu watatu, na baridi ya kuvaa sweta mbili hata saa sita mchana. Nilijua kupima presha, kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda, kutandika shuka bila mkunjo. Mdomo nao nilikuwa nao.

Kati ya wazee wale alikuwapo Cucu Karimi, cucu ndiyo nyanya kwetu, mwembamba, mcheshi, mkali kwa yeyote aliyempelekea uji wenye madonge. Mwezi wangu wa tatu pale akaletwa Mzee Mutwiri, mkono mmoja umelemaa kwa kiharusi. Niliposoma faili lake, nikagundua kwamba alikuwa amemwoa binti ya Cucu, binti ambaye alishafariki. Nilifurahi kweli! Nikasema hawa ni familia, nitawaweka meza moja, wakumbushane ya zamani. Hata kitambaa kipya nikatandika.

Siku ya kwanza Cucu hakula. Ya pili alikunywa maji tu, tena chumbani. Nikimleta mezani anajifunika leso mpaka puani na kugeukia ukuta. Mzee Mutwiri naye alitazama magoti yake na kusema ameshiba, kumbe hajagusa kitu. Mimi nikaandika kitabuni kwamba Cucu amekuwa mkaidi. Siku ya nne miguu yake ikaanza kutetemeka. Msimamizi wetu akasema asipokula kufikia kesho atapelekwa hospitali awekewe mpira wa kulishia puani, na mwili ule, mwanangu, haukuwa wa kuvumilia safari wala mpira. Niliogopa sana.

Ndiyo Jumanne yenyewe hiyo. Nikaamua leo atakula, atake asitake. Nikamketisha pale pale mbele ya mkwe wake, nikamshika kidevu, nikamtia kijiko cha mukimo, viazi vile vya kupondwa na mahindi na mboga, mdomoni. Mzee Mutwiri akainuka, akaangusha kiti, akatoka akijikokota. Cucu hakutema. Alikaa na chakula kile mdomoni huku machozi yakimtoka.

Mama Gitonga, mpishi wetu, aliona yote kutoka mlango wa jikoni. Akaja akaninyang'anya kijiko.

"Wewe msichana, kwenu ni wapi?"

"Ni hapa Meru, Mama, lakini nimekulia mjini."

"Huyo mzee si ni mkwe wake? Nani alikuambia mama ya bibi anafungua mdomo akule mbele ya mkwe? Na yeye pia hawezi kukula hapo. Umewanyima chakula wote wawili, halafu unaandika ni ukaidi! Kwani ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Siku nne nzima, mtu na cheti chake, sikuwa nimemuuliza. Cucu akameza, akafuta uso, akaniambia taratibu: "Nyumba sina tena. Meno sina. Heshima ndiyo niliyokuwa nimebaki nayo, na wewe umenivua hiyo mbele ya mkwe wangu."

Aibu niliyoona siku hiyo hainitoki. Nilipiga magoti, nikamwomba msamaha, nikamuuliza angependa kula wapi. Akasema jikoni, karibu na moto, mlango umefungwa. Msimamizi akakataa: kanuni ni wote kula ukumbini. Nikamwambia aandike barua ya kunifukuza sasa hivi, lakini mchana huu Cucu anakula jikoni. Barua hakuandika.

Cucu alimaliza nusu bakuli, kisha akalalamika chumvi ni kidogo. Nilitoka na bakuli lile nikiwa karibu kulia kwa furaha. Mzee Mutwiri alikuwa amesimama koridoni, hataki kuketi. "Mama amekula?" akaniuliza. Nikasema amekula. Ndipo akaenda mezani, akashika kijiko chake kwa mkono mzima. Kwa miaka mitano waliyoishi nyumba ile, hakuwahi kula kabla ya kuniuliza hivyo.

Mwanangu, kazi hii si ya kujaza matumbo. Mzee akikataa kitu, usimwite mkaidi mpaka umemuuliza, na akikujibu, msikilize hata kama jibu lake litakusumbua. Ukishajua haki iko wapi, simama hapo, hata mkubwa wako akinuna. Nikisema hivi nasema kwa ajili yangu pia. Mikono yangu imeanza kutetemeka, na siku si nyingi utanilisha. Sikatai, wala sioni vibaya. Niulize tu kwanza.

Mungu akupe mgongo wenye nguvu na moyo usiochoka na watu. Na siku yako ikifika, ukae kwenye kiti kama hiki, akupe mtu mwenye kijiko mkononi atakayekuuliza.