Zamu ya Saba na ya Nane

Umeme ukikatika hapa sokoni Moshi, jirani yangu wa meza ya viatu huwasha mshumaa, ili mteja asije akaondoka na kiatu cha kushoto changu na cha kulia chake. Umeme ukirudi huupuliza, na ile harufu ya utambi uliozimwa ikinifikia puani, miguu inaanza kuniwasha kama mtu aliyechelewa mahali. Nitawaambia kwa nini, ila isifike kwa mama yangu.

Nilikuwa na miaka kumi, kwetu Rombo, juu kidogo ya mji wa Mkuu. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na watu wazima walikuwa na mazoea mapya ya kuzima redio na kunong'ona. Mama, mwenyekiti wa jumuiya yetu, akaona dawa ni moja: tuliombee taifa saa ishirini na nne bila kukatika, katika kanisa dogo la kigango. Nyumba zilikuwa kumi na mbili, kila nyumba saa mbili. Nikahesabu, nikarudia, ikatoka sawasawa.

Kugombania saa nzuri kungetumalizia wiki, basi mama akachukua ratiba ambayo hakuna wa kuibishia: zamu za maji ya mfereji unaomwagilia mashamba yetu. Anayekufuata kwenye maji atakufuata kwenye sala. Unampa rozari mkononi mbele ya altare, unapuliza mshumaa wako naye anawasha wake, na usipopokelewa huondoki. Akatangaza mbele ya katekista kwamba mnyororo ukikatika tunaanza upya, saa ya kwanza.

Mimi kasoro niliiona mapema. Zamu ya saba ilikuwa ya Mzee Severini, na ya nane ya Mama Aloisi, mjane mwenye kihamba, shamba la nyumbani, chini ya kile cha mzee. Walikuwa na miaka miwili hawasalimiani. Mzee alikuwa na tabia ya kuacha maji yaendelee kuingia kwenye migomba yake hata zamu yake ikiisha, na mwaka wa ukame maharage ya Mama Aloisi yalikauka yote. Nikamshauri mama tumbadilishe Mama Aloisi na mwenye zamu ya tisa. Nilikuwa nimeshapatana na huyo wa tisa: mizigo miwili ya majani ya ng'ombe, nibebe mimi. Mama akasema mfereji haupangwi na mtoto.

Kazi yangu ilikuwa kugonga nyumba inayofuata nusu saa kabla. Tulianza Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Nilikimbia usiku kucha na tochi, nikiitazama saa ya ukutani, nikirudi kuitazama tena kama vile ingenidanganya. Jumamosi asubuhi saa ilipokaribia mbili, tulikuwa tumebakiza kidogo tutimize saa kumi na nne, na miguu yangu ilizijua moja moja.

Mama Aloisi alikuja kwa wakati, akasimama nje ameegemea ukuta. Akasema ataingia mzee akitoka. Nikaingia kumnong'oneza mzee. Akasema atatoka akipokelewa. Nikaenda na kurudi mara nne. Nimeuza viatu miaka mingi, sijapata wateja wagumu kama wale. Saa mbili ikapita. Mama, kwenye benchi la nyuma, hata kichwa hakuinua.

Mzee hakunyamaza lakini. Akaanza fungu jingine la rozari, kwa sauti kubwa zaidi. Mama Aloisi akatega sikio, akavuta kanga begani.

"Unamsikia?" akaniambia. "Anaila tena zamu yangu."

Akaingia kama aliyeshika jembe. Akapiga magoti kando yake na kusali kwa sauti ya kumzidi. Hakuna aliyempisha mwenzake. Mimi nikashusha pumzi: tulikuwa tumepata sala mbili kwa bei ya moja.

Wakaja kwenye Baba Yetu. Wakasema pamoja, "utusamehe makosa yetu," na hapo Mama Aloisi akanyamaza. Mzee naye akanyamaza, akiinamia mikono yake. Nikaanza kuhesabu. Moja, mbili, kumi. Nikaziona saa kumi na nne zikimwagika. Nilipofika kumi na tisa nikashindwa, nikamkumbusha kwa sauti: "Kama tunavyowasamehe na sisi..."

"Mwache," mama akasema kutoka nyuma. "Bado anasali."

Ilichukua muda, lakini aliyamalizia yale maneno polepole. Mzee akaiweka rozari mkononi mwake, akatoka bila salamu. Jioni tulikamilisha.

Kwa miaka mingi niliamini Mama Aloisi alisahau maneno, na mama akamfichia ili tusianze upya. Mimi mwenyewe ningefanya hivyo. Halafu rafiki niliyemfundisha biashara akanizunguka akaichukua meza yangu ya kwanza, ile ya kona. Jumapili hiyo kanisani nikafika kwenye maneno yale yale, mdomo ukakataa. Watu wote wakamaliza, wakapeana amani. Nikahesabu hadi arobaini, nikahesabu tena, na sikuwa nimefika alipofika Mama Aloisi.