Indiketa ya Kulia

Baba aliendesha malori mpaka akastaafu, akabaki na pikapu moja na macho mabaya. Mwaka jana Mama alinipigia simu: Baba ameligonga geti la kanisa tena! Daktari alishamkataza kuendesha, lakini yeye alisisitiza eti geti limejengwa vibaya. Mimi hasira zangu ziko karibu, ila kumnyang'anya funguo mzee ninayempenda hivyo, ningeanzia wapi?

Wakati huo nilikuwa chuoni Njoro, mimi na wenzangu tukiunda gari dogo la abiria linalojiendesha, tukiota siku moja libebe watu Nakuru mjini. Nikamwalika Baba, angalau Jumamosi pikapu ilale.

"Mzee, kuja uone gari haina dereva."

"Kwani dereva alikosea nani?"

Nilikaa kwenye usukani, mikono tayari, Baba kando yangu. Barabara imenyooka, mbele yetu lori la ngano. "Limewasha indiketa ya kulia," nikasema. Gari letu likadhani lori linakata kona, likaanza kulipita kwa kushoto, vumbini. Nikakanyaga breki.

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Nani alifundisha hii kitu? Hapa kona iko wapi? Huyo anakuambia tulia, kuna gari inakuja! Akiwasha ya kushoto ndio upite."

Woi, niliona aibu! Nimelelewa ndani ya lori, halafu nafundisha gari kwa kitabu cha sheria peke yake. Tangu hapo kila Jumamosi tulizunguka naye, mimi nikitaja taa za wenye malori, yeye akieleza maana, na jioni nikiiandikia kompyuta. Sijawahi kumwona akifurahi vile.

Siku moja kwenye mlima, lori likawasha ya kulia. Sikutaja kitu, nilitaka kuona kama gari limeshika somo. Likapunguza mwendo, likangoja. Trela likatupita kutoka mbele kwa kasi, vioo vikatetemeka. Lori likawasha ya kushoto, nasi tukapita taratibu. Nikapiga kelele za furaha.

Baba alinigeukia.

"Alikuwa amewasha ya kulia?" akauliza.

"Ndio, Baba. Si umeona?"

Akapangusa macho kwa leso. "Sijaona. Hata hiyo trela nimeisikia tu." Akanishika mkono. "Ningepita, binti yangu. Ningepita na wewe ukiwa ndani. Uza hiyo pikapu."