Neno la Kidawa juu ya Picha ya Idi

Katika miaka ile iliyofuata Mapinduzi, wanawake wengi wa mtaa wa Kajificheni hawakwenda sinema kabla ya kupitia kwa Kidawa. Kidawa alikuwa mshoni wa magauni, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Kila ikija picha mpya ya Kihindi, yeye huiona katika zanana ya mwanzo, ile zamu ya mchana ya wanawake peke yao, kisha hurudi kwenye charahani yake na kutoa hukumu. Akisema "Nendeni," ukumbi hufurika. Akisema "Bakini mpike," viti hubaki na kunguni wao.

Kihindi chenyewe hakukijua. Aliyemfasiria ni shoga yake Savita, jirani wa nyumba ya pili, binti wa Champsi aliyesimamia ukumbi wa sinema. Tangu usichana wao walikaa ubavu kwa ubavu, Savita akinong'ona maneno ya nyimbo, Kidawa akitazama mishono ya nguo.

Siku hizo picha nzuri zilikuwa zimeadimika. Zilizokuja zilikuwa kuukuu, nyengine zimekatwakatwa hata hujui nani kamwoa nani. Kwa hivyo Champsi alipobandika bango la picha mpya ya Idi Mosi, na juu yake uso wa steringi anayependwa na mji mzima, watu walichangamka. Kidawa alishona magauni ya kwendea mpaka vidole vikamwuma.

Siku ya siku ikafika. Ukumbi ulinukia asumini na udi. Taa zikazimwa, picha ikaanza polepole, ikaendelea polepole. Hapana harusi, hapana ngoma. Yule steringi wao alikuwa amepakwa mvi, amefanywa mgane anayelea mtoto wa kike. Wimbo wa kwanza ulikuja watu wameshachoka kuungoja, nao ulikuwa wa kilio. Wanawake wakaanza kuguna. Kisha yule mgane akakaa kizingitini, akamweka mwanawe baina ya magoti, akashika chanuo akajaribu kumsuka. Nywele zikamshinda. Akafumua, akaanza tena.

Kidawa hakuweza kujizuia. "Jamani!" akapaza sauti. "Tumeacha pilau letu la Idi, kumbe tumekuja kumtazama msusi mwenye masharubu?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kicheko kile kilimpanda kichwani. Akainuka, akajitanda buibui. "Mimi nnakwenda zangu. Anayetaka kusukwa na abaki!" Safu kwa safu zikamfuata. Alipogeuka kumtafuta Savita, kiti cha ubavuni pake kilikuwa kitupu. Akadhani ametangulia.

Kabla ya magharibi neno lilikuwa limeshafika Darajani na Ng'ambo. Watu wakaulizana njiani, "Umekwenda kwa msusi?" na kucheka. Siku ya pili ya Idi ukumbi ulikuwa nusu. Ya tatu, picha ilionyeshwa viti.

Sikukuu ilipokwisha, Champsi mwenyewe akabisha hodi kwa Kidawa.

"Shikamoo, Bwana Champsi."

"Marahaba, Bi Kidawa." Alikaa kwenye kigoda, kofia yake magotini. "Ile picha si nzuri. Hilo nalijua. Ndefu, na nyimbo zake mbovu. Lakini niliichagua mwenyewe, kwa ajili ya pale hasa ulipocheka. Mama yake Savita alikufa mtoto hajajua kusema vizuri. Wewe wadhani nani alikuwa akimsuka?"

"Nilidhani shangazi yake."

"Shangazi yake alikuwa Bambai. Nilimsuka mimi, milango nimeifunga, watu wasinione." Akatabasamu kidogo. "Sikuja kukulaumu. Jumamosi ni zanana yake ya mwisho. Njoo uitazame mpaka mwisho, kisha sema utakalo."

Champsi alipotoka, Kidawa alitaka aende kwa Savita papo hapo. Lakini aliona haya. Akajiambia amalize kwanza gauni la mteja. Akalimaliza, akaanza jengine.

Jumamosi alisimama mlangoni pa ukumbi. "Ingieni," akawaambia wapitao. "Mimi nilikosea. Picha ina maana."

Wanawake wakacheka. Mwatum, mteja wake wa siku nyingi, alipiga makofi. "Anatupima huyo! Anataka aone nani mjinga."

"Wallahi nasema kweli!"

Kila alivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka. Wakapita wakenda zao, wakimsifu kwa ucheshi wake. Watu hawakutosha, zamu ikafutwa, na picha ikarudishwa ilikotoka. Kidawa hakuuona mwisho wake.

Jioni ile ndipo alipokwenda kwa Savita. Savita alimkaribisha vizuri, akamtilia chai ya iliki.

"Nilikosea, shoga yangu," Kidawa akasema.

"Hukujua."

"Ningekuuliza."

Savita aliweka birika chini. "Picha mbaya ni mbaya, Kidawa. Sikuondoka kwa hilo. Niliondoka kwa sababu na mimi nilitaka kucheka. Watu wote wanacheka, nami nikamwonea haya baba yangu. Maisha yangu yote nilikuwa sijapata kumwonea haya."

Chai ikapoa mkononi mwa Kidawa.

Hawakugombana. Waliendelea kuamkiana na kupelekeana sahani za chakula, lakini pamoja sinema hawakwenda tena, kila mmoja akiwa na udhuru wake. Mwaka uliofuata Champsi na binti yake walihama, kama walivyohama Wahindi wengi. Kidawa alimshonea Savita gauni la safari. Savita alilivaa palepale, akamkumbatia, na Kidawa akahisi mabega ya mwenzake yamekaza kama ya mgeni.

Baada ya hapo, wanawake walipokuja kumwuliza juu ya picha mpya, alijibu, "Sijui. Nendeni mkaone wenyewe." Wengine walisema amezeeka, wengine kwamba anaringa. Punde akazuka binti mmoja wa mtaa wa Mpendae, Tabia, mwenye maneno makali zaidi, na mji ukamhamia yeye.

"Lakini wewe ulikuwa ukituchekesha, Bi Kidawa," Mwatum alimwambia siku moja, amesimama kupimwa nguo. "Siku ile ya msusi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Hukumbuki?"

"Nakumbuka," Kidawa akasema. "Inua mkono nikupime."