Doti Iliyokatwa

Yalikuwa maonyesho ya sanaa ya wapenzi wa jinsia moja, katikati ya Toronto, na jioni moja sisi wasanii, wakimbizi, tuliitwa tutoe maoni kuhusu maelezo ya kazi zetu. Kila kazi pale ilikuwa imeandikiwa msiba wake. Mimi na mpenzi wangu, mwanamke mwenzangu, tulikuwa tumetoa doti moja ya kanga. Tuliikata, tukaipinda, kila mmoja akadarizi sura yake kwenye kipande chake. Waandaaji wakavitundika kwenye kuta mbili zinazotazamana, wakabandika maelezo kwamba mkato ule ni jeraha la ukimbizi.

Mchoraji mmoja kutoka Bujumbura alisoma, akacheka. "Mama yangu amekata doti maisha yake yote," alisema. "Hajamjeruhi mtu."

Nikaeleza kwamba kanga hukatwa ndipo ivaliwe, na kwamba wanawake wanaopendana hugawana doti moja ili watoke sare. Msimamizi wa maonyesho alinisikiliza kwa upole, kisha akasema maelezo yatabaki, maana yamewaliza wageni wengi.

Nilishusha kipande changu, nikajifunga kiunoni juu ya jinzi. Mpenzi wangu akajitanda chake. Tukatoka sare, tukawaachia msiba wao ukutani.