Visu Vilivyovishwa Ala

Kinyozi wa mtaa wetu hakuwahi kuchinja hata kuku, lakini watu walimwita Mwindaji. Alikusanya visu vya kuwindia vilivyofuliwa kwa mkono, kazi ya wahunzi ambao wengi wao walishafariki. Wateja walimtania wakiwa kitini, shingo zimefungwa shuka: "Mwindaji, leo umenasa nini?"

"Nimekunasa wewe. Tulia nisikukate sikio."

Alivipenda zaidi visu vya Babu Nyundo, mhunzi ambaye hakufua visu viwili vya kufanana, na kila kimoja alikigonga alama ya jani karibu na mpini. Babu Nyundo alikufa bila kumwachia mtu ufundi wake. Kisu chake cha mwisho, chembamba, chenye mpini wa pembe, kilimfikia Mwindaji kikiwa bado na harufu ya moshi. Chumbani visu vyote vilining'inia ubaoni, uchi, vimepakwa mafuta. Ala zake za ngozi zilikaa kabatini, mbali. Wageni walidhani ni uvivu. Hakuwaeleza. Mtu aliyezoea kutaniwa hujifunza kufunga mdomo.

Kisha mapafu yakamwangusha. Alilazwa msimu mzima wa mvua, na dada yake mkubwa akahamia kwake na wajukuu ili amtunzie nyumba. Ndiye aliyempelekea chakula hospitalini, akamlisha, akamgeuza kitandani kama mtoto mchanga.

Siku aliyoruhusiwa kurudi, alikuta ubao mtupu.

"Dada, visu viko wapi?"

"Viko salama, mdogo wangu. Ningeviacha uchi vile na watoto humu ndani? Kila kimoja nimekivisha ala yake. Na hizo ala zilivyojaa vumbi, aibu tupu! Nilizifua kwanza kwa sabuni."

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Ngozi kavu hutafuna chuma polepole. Ngozi iliyolowa haina subira.

Dada alipomletea visu, alichomoa cha kwanza, kikatoka na unga mwekundu. Cha pili kilikuwa kimeliwa vishimo vishimo. Akawa anachomoa haraka haraka, kama mtu anayefungua milango ya nyumba inayoungua akitafuta waliomo. Kile cha mwisho cha Babu Nyundo kikakataa kutoka.

"Nishikie hapa."

Dada akashika ala, yeye akavuta mpini. Kikohozi kikampinda. Wakavuta tena.

"Kimenogewa huko ndani," dada akasema, akijaribu kucheka. Mwenzake hakucheka.

Mwindaji akachukua wembe wake wa kazi, akakata uzi wa ala mshono kwa mshono. Kutu ilikuwa imevaa bapa zima. Jani lilionekana kwa shida.

Akaanza kusugua kwa msasa kutokea nchani, na chuma kikaanza kung'aa. Alipokaribia alama, mkono ukasimama. Akisugua, kutu itaondoka na jani. Bila jani, hakuna atakayeamini ni kazi ya nani. Akiacha, kutu itakula jani, kisha kisu chenyewe.

"Ni mimi, siyo?" dada akauliza.

"Ni mvua."

"Mvua haivishi kisu ala. Usinifiche mimi niliyekubeba mgongoni. Niambie nifanye nini, hata nisugue kutwa nzima."

"Hakuna wa kukifua upya, dada. Aliyekitengeneza hayupo."

Dada akanyoosha mkono auchukue msasa. Mwindaji akaudaka mkono ule kwa ukali ambao hakuwahi kumwonyesha, mpaka mwenyewe akaogopa. Vidole vya dada vilikuwa vimechubuka kwa kufua mashuka yake ya hospitalini. Akaulegeza. Akauongoza hadi kwenye mpini wa pembe.

"Shika hapa, kisitikisike."

Dada akashika kwa mikono yote miwili. Mwindaji akaweka msasa juu ya jani, akafumba macho, akasugua.