Fundi Anayetafuta Paa Lake Kwenye Magunia ya Karatasi

Saa moja asubuhi, Mama Pindo amepiga magoti sakafuni katikati ya karatasi. Chaki iko sikioni, futi ya kamba iko shingoni, lakini cherehani bado imefunikwa. Anaokota kipande kilichokatwa umbo la kola, anakigeuza, anakisogeza kwenye mwanga, anakiweka kando. Anaokota kingine. Hili ni gunia la tatu.

Mteja anachungulia mlangoni kuulizia sketi yake.

"Njoo Jumanne, mwanangu. Jumatatu niko mahakamani."

"Jumanne ya wiki gani, fundi?" anauliza mteja, ambaye mafundi anawajua. Siku nyingine Mama Pindo angemjibu kwa utani akacheka. Leo anainamia karatasi zake tu.

Ana miaka arobaini na saba, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameishi na mumewe, dereva wa lori. Mume alihama miaka mitatu iliyopita, na mwaka jana akafungua kesi ya talaka. Talaka yenyewe haina ubishi. Ubishi uko kwenye nyumba ya vyumba vinne, ambayo chumba chake cha mbele ndicho karakana ya Mama Pindo. Hati ina jina la mume. Risiti za matofali na za seremala anazo mume, kwenye faili, zimepangwa kwa tarehe.

Mama Pindo anasema paa ni lake. Mabati thelathini na sita, na hakuna hata moja alilolinunua kwa fedha. Tajiri wa duka la vifaa vya ujenzi alimpa kazi ya kushona ovaroli za wafanyakazi wake, ovaroli mbili kwa bati moja. Kitambaa cha tajiri, mkono wa fundi.

"Sabini na mbili," anasema. "Nyingine nimeshona na mtoto mgongoni."

Kila bati lilipotoka, tajiri alitia sahihi kwenye daftari la vipimo la Mama Pindo, chini ya viuno na mabega ya wateja. Tajiri huyo alifariki mwaka juzi, duka likauzwa.

Na daftari je? Hapo fundi anainamisha kichwa. Lilikuwa kubwa, la karatasi ngumu, na fundi cherehani hatupi karatasi ngumu. Kila ukurasa ulipokwisha kazi aliupitisha mkasi, ukawa kielelezo cha kukatia kitambaa: kola, mfuko, kiuno.

"Ushahidi wangu nimeukata kwa mkono wangu mwenyewe," anasema. "Ujinga huu angeufanya nani kama si fundi?"

Wakili wake, mwanamke kijana wa ofisi ya msaada wa kisheria, hakumcheka. "Mahakama haikatai kazi ya mikono," anaeleza. "Inauliza alama yake iko wapi. Kulea watoto na kutunza nyumba navyo vitatazamwa, lakini uzito wake ataupima hakimu. Sahihi haina mjadala mrefu."

Kwenye simu, mume hana makali. "Sijasema hakushona," anasema. "Nimesema nyumba nimejenga mimi." Ameahidi kumpa mkewe kodi ya mwaka mzima ya fremu ya biashara, mradi asaini kuachia nyumba kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa. Na leo ndiyo Ijumaa.

"Napiga hesabu tangu nilipoamka," anasema Mama Pindo. "Nikisaini, nina mwaka. Nikikataa nikashindwa, sina hata wiki. Na mteja hamfuati fundi aliyehama. Anafuata mlango anaoujua."

Saa nne gunia limekwisha. Siku tisa za kutafuta zimempa sahihi za mabati tisa. Vipande vingine mkasi umepita katikati ya sahihi. "Marehemu nimemkata kichwa, Mungu anisamehe," anasema, na hatabasamu.

Pamebaki mahali pamoja tu, ng'ambo ya barabara. Pale anashona mwanafunzi wake wa zamani, aliyeondoka na nusu ya vielelezo miaka mitano iliyopita baada ya kugombania mteja. Tangu hapo hawasalimiani. Lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mama Pindo anavua futi shingoni, anavuka.

"Shikamoo, fundi," anasema mwanafunzi bila kuacha kukanyaga cherehani.

"Marahaba. Zile karatasi ulizochukua kwangu, bado unazo?"

Mguu unatulia. "Umekuja kunidai?"

"Nimekuja kukuomba."

Mwanafunzi anavuta boksi chini ya meza. Mwalimu alibaki na kola na mifuko. Yeye alichukua migongo ya nguo za watoto, vipande vipana, karibu ukurasa mzima kila kimoja. Wanavitandaza mezani, vichwa vimekaribiana. Sahihi ya kwanza inaonekana nzima, kisha ya pili. Wanapomaliza, wamepata mabati mengine kumi.

Wakili anapigiwa simu. "Kumi na tisa ni ushahidi," anasema, "ila siwezi kukuahidi hakimu atasemaje. Huyo aliyezitunza karatasi, aje naye Jumatatu."

"Nitafunga duka," anasema mwanafunzi.

Saa kumi inafika, inapita. Mama Pindo hajasaini. Amerudi kwenye cherehani kumalizia sketi ya mteja wake, lakini uzi unakataa tundu la sindano. Mwanafunzi, aliyemsindikiza, anamtungia bila kuombwa.

Akipewa haki yake, Mama Pindo anataka kuongeza cherehani ya pili na kumrudisha mwanafunzi wake wafanye kazi pamoja. Asipopewa, hajui.

"Wakinipa nusu ya paa, cherehani itaenea chini yake," anasema. "Hata wakininyima, sawa, nitahama. Lakini nisiambiwe mbele ya wanangu kwamba sikuezeka."